Jiko na Jukwaa: Umama wa Umri Mkubwa na Sanaa za Maonyesho katika Kashai na Muleba, Mkoa wa Kagera

Utangulizi

Wanaoandika kuhusu wanawake na sanaa za maonyesho nchini Tanzania hulichukulia jambo moja kuwa halihitaji ushahidi, nalo ni kwamba malezi na jukwaa hugombana. Msichana hujiunga na kundi, huigiza, huolewa, hushika mimba, hutoweka. Akizaa akiwa amekwisha kuvuka miaka arobaini, hakuna anayemtarajia arudi, kwani umri umekwenda na mtoto bado ni mchanga. Makala haya hayakanushi kwamba ugomvi huo upo. Yanadai tu kwamba una historia. Katika mkoa wa Kagera palikuwa na wakati ambapo sanaa ya maonyesho ya wanawake iliishi ndani ya malezi yenyewe, na mwanamke mtu mzima ndiye aliyekuwa bingwa wake. Kutengana kwa mambo hayo mawili kulikuja baadaye, kwa sababu zinazoweza kutajwa.

Eneo linaloangaliwa ni Kashai, mojawapo ya kata zenye wakazi wengi katika Manispaa ya Bukoba, pamoja na vijiji vya Muleba ambako familia nyingi za mjini zina vibanja na makaburi ya wazee wao. Ni haki msomaji ajue pia nafasi ya mwandishi. Alilelewa na bibi yake huko Muleba tangu mwaka 1990, akiwa na miaka minane. Alijifungua mtoto wake wa kwanza akiishi Kashai, akiwa na miaka arobaini na mbili, kabla ya kukamilisha masomo yake ya sanaa za maonyesho. Kwa hiyo swali linaloulizwa hapa hakulipata maktabani.

Istilahi yenyewe inahitaji kupunguzwa makali. Kuzaa katika umri mkubwa si jambo geni, na lugha inathibitisha hivyo, kwani maneno kitinda mimba na mziwanda yasingekuwapo kama akina mama wasingeendelea kuzaa hadi mwisho wa uwezo wao. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 1991/92 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania alizaa kwa wastani zaidi ya watoto sita; ule wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa 4.8. Mwanamke mwenye watoto sita au saba alikuwa na mtoto mgongoni akiwa na miaka arobaini bila ya jirani kushangaa. Kinachowashangaza watu leo ni kuanza katika umri huo. Upo pia umama wa aina nyingine, usiotajwa sana katika mijadala ya uzazi, yaani ule wa bibi anayeanza kulea upya baada ya kumzika mwanawe. Katika Kagera umama huu ndio uliogusa nyumba nyingi zaidi, na ndio utakaochukua sehemu kubwa ya makala haya.

Jiko lilipokuwa ukumbi

Katika mwisho wa miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani Peter Seitel alikaa miongoni mwa Wahaya akirekodi ngano. Kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1980 kinajulikana kwa namna kilivyoandika usimulizi. Maneno yamepangwa kwa mistari kufuata pumzi ya msimulizi, na msomaji anaonyeshwa mahali sauti ilipopanda, iliponyamaza na ilipogeuka wimbo. Wasimulizi wake wengi ni wanawake watu wazima. Jina la kitabu limetokana na kauli ya kufungulia ngano za Kihaya, ambapo msimulizi hueleza kwamba alikuja akaona, na wasikilizaji humjibu kwa kumtaka aone ili nao wapate kuona.

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba fasihi hiyo ni tukio lenye fanani, hadhira, mahali na wakati, na kwamba kimoja kikikosekana tukio halipo. Tukiichukua hoja hiyo hadi ndani ya nyumba ya Kihaya, ile ya msonge yenye moto katikati na nyasi zilizotandazwa sakafuni, tunapata hadhira ambayo sehemu yake kubwa ni watoto. Ndizi zinaiva, watoto wanazuiwa wasilale kabla ya kula, na mwanamke mzima anageuka zimwi, sungura, mke mwenza mwenye wivu na mfalme, wote kwa sauti yake moja. Bila mtoto wa kuitikia, ngano haifunguki. Mama hakulazimika kumweka mtoto pembeni ili aigize. Asingeweza kuigiza pasipo yeye.

Wanaume walikuwa na sanaa yao. Tendi za nanga, ambazo Mulokozi alizichunguza katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986, ziliimbwa na mabingwa wa kiume mbele ya watu wazima, kwa habari za wafalme na mashujaa. Sanaa hiyo ilihitaji mtu awezaye kutoka nyumbani jioni na kwenda palipo na watu. Tofauti hii ya nani anaweza kutoka jioni itarudi mara kadhaa katika maelezo yanayofuata.

Umri nao ulikuwa na kazi yake. Mke kijana alikuwa na maji ya kuteka, kuni za kutafuta, na shamba la mazao ya msimu nje ya kibanja. Jioni ilipofika alikuwa akipika. Aliyekaa na watoto kwa mikono mitupu alikuwa mwanamke aliyekwisha kupita kazi nzito, mama wa mziwanda au bibi. Kwa hiyo ustadi ulikua pamoja na miaka, na mwanamke wa miaka hamsini aliweza kuigiza ngano ambayo akiwa na ishirini aliisikiliza tu akiwa amegeukia chungu. Ni mpangilio ulio kinyume kabisa na wa jukwaa la kisasa, ambalo humtaka mwanamke angali kijana na kumwacha anapokomaa.

Ng'ambo ya ziwa, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza aliandika riwaya ambayo kiini chake ni kusubiri mtoto. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ikatoka mwaka 1980. Bugonoka anaipata mimba baada ya tiba na miaka ya masimango. Riwaya si ushahidi wa kihistoria kwa maana ya kawaida, lakini Kitereza aliandika kwa kusudi la kuhifadhi mwenendo wa watu wake, na katika maelezo yake mtoto aliyekawia humrudisha mama kati ya watu badala ya kumficha.

Hata hivyo haifai kulipamba jiko. Sanaa hiyo haikuwa na malipo wala jina. Mwanamke aliyeweza kuwashika watoto kumi kwa sauti yake hakuwa na haki juu ya kibanja alichokuwa amekaa. Uhuru wake ulikomea pale palipokomea mwanga wa moto.

Jukwaa lajitenga na nyumba

Mji wa Bukoba ulianza kama kituo cha Wajerumani, kilichowekwa na Emin Pasha mwaka 1890. Miaka miwili baadaye Wamisionari wa Afrika wakafungua misheni ya Kashozi. Shule zilizofuata zilileta aina nyingine ya maonyesho, yaani mchezo wenye maandishi, wenye jukwaa upande mmoja na watazamaji upande wa pili, unaochezwa na wanafunzi. Mchezo wa shule huanza na kuisha na shule. Mama hana mahali ndani yake isipokuwa kwenye benchi la wazazi. Hili ndilo tengano la kwanza, nalo halikusababishwa na mtoto. Lilisababishwa na sanaa kuhamia katika taasisi ambayo mwanamke mwenye mtoto hakuruhusiwa kuingia.

Baada ya uhuru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mafunzo ya sanaa za maonyesho mwishoni mwa miaka ya 1960, na wanawake wawili wakatokea kuwa nguzo zake, Penina Muhando na Amandina Lihamba. Muhando alichapisha Hatia mwaka 1972, na tamthilia zake zikafuatana kwa miaka zaidi ya kumi. Lihamba, aliyezaliwa mwaka 1944, alitunga, alielekeza, alifundisha na kuigiza. Katika filamu ya Maangamizi, iliyotoka mwaka 2001, alishika nafasi kubwa akiwa katika miaka yake ya hamsini. Kazi ndefu namna hiyo ni adimu, na mwandishi anadhani sababu yake haiko katika vipaji vyao peke yake. Chuo kiliwapa mshahara, saa za kazi za mchana na ofisi. Mwigizaji wa kundi la mtaani hakuwa na hata kimoja.

Jambo moja katika tamthilia za kipindi hicho halijazungumzwa vya kutosha. Mwanamke mwenye mimba yumo tele ndani yake, lakini karibu daima ni msichana. Katika Hatia tatizo ni mimba ya binti. Katika mradi wa sanaa za maonyesho kwa maendeleo uliofanyika Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, mimba za wasichana zilikuwa miongoni mwa masuala ambayo wanakijiji wenyewe waliyaleta uwanjani. Lilikuwa suala la kweli na lilistahili. Lakini matokeo yake ni kwamba jukwaa la Kiswahili lilijifunza kumwona mama mwanzoni tu mwa umama wake, akiwa tatizo, na likawa halina maneno ya kumsemea mwanamke mzima anayezaa kwa hiari yake au anayelea kwa lazima.

Nguzo Mama, ya mwaka 1982, ndiyo inayokaribia. Humo Muhando anawakusanya wanawake wa kijiji kimoja, wengi wao wakiitwa kwa namba badala ya majina, wajaribu kuisimamisha nguzo. Kila wanapokaribia kufaulu, mmoja anavutwa na balaa la nyumbani kwake. Wahakiki wengi wameisoma kama tamthilia ya ukombozi wa mwanamke uliokwama, na ndivyo ilivyo. Kwa anayeisoma huku akinyonyesha inakuwa pia tamthilia kuhusu mazoezi. Kila mwelekezaji aliyewahi kufanya kazi na akina mama ameiona picha hiyo, kundi halitimii, nguzo hailali wala haisimami, na hakuna aliye mvivu.

Tengano likaongezeka makundi ya burudani ya kibiashara yalipostawi katika miaka ya 1980 na 1990. Laura Edmondson, aliyeyachunguza makundi hayo katika kitabu chake cha mwaka 2007, anayaonyesha yakifanya maonyesho katika kumbi za baa, yakichanganya ngoma, sarakasi, maigizo na taarabu katika onyesho moja refu. Wanawake walikuwa uti wa mgongo wake. Lakini onyesho la baa huendelea hadi usiku, na tumerudi pale pale pa nani anaweza kutoka jioni. Sheria nayo haikumfikia mwigizaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua pacha, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Lakini inazungumza na mwajiriwa. Anayelipwa kwa onyesho, akikosa onyesho, amekosa.

Bibi waliolea tena

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wa Kagera mwaka 1983. Uchunguzi uliofanyika mwaka 1987 ulikuta kwamba katika mji wa Bukoba watu wazima wapatao 24 katika kila 100 walikuwa na maambukizi. Takwimu hii imenukuliwa mara nyingi kiasi cha kupoteza makali. Maana yake ndani ya nyumba ilikuwa kwamba kizazi cha kati, cha wale waliotarajiwa kulea na kuzika, kilipungua, na vikabaki vizazi viwili vya pembeni vikitazamana. Mwanamke aliyedhani amemaliza kulea akajikuta ana mtoto wa miaka miwili mapajani.

Huu ulikuwa umama wa umri mkubwa usio na hiari hata kidogo. Aliyekuwa na miaka sitini alirudi kwenye kazi za mke kijana, maji, kuni, ada za shule, usiku wa homa. Ardhi aliyoitegemea mara nyingi ilikuwa mikononi mwa ukoo wa mume. Ni mwaka 1990 tu ambapo Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika shauri la Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory kwamba kanuni za mila za Kihaya zilizomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi zilipingana na Katiba. Kati ya hukumu na kibanja kuna umbali, na bibi wengi hawakuuvuka. Msaada wa fedha ulikuja taratibu. Tangu mwaka 2003, huko Nshamba wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi.

Miaka hiyo hiyo Kagera ilikuwa na maigizo mengi kuliko wakati mwingine wowote. Makundi ya maigizo ya jamii yalizunguka vijijini na mitaani yakielimisha juu ya ugonjwa. Ola Johansson, aliyeyafuatilia Kagera na kusini mwa Tanzania na kuchapisha matokeo yake mwaka 2011, anaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba waigizaji walikuwa kwa sehemu kubwa vijana. La pili ni kwamba maigizo yaliweza kufichua yale ambayo mikutano ilishindwa kuyasema, lakini yalikwama pale ambapo wenye mamlaka hawakuyafuatilia kwa vitendo.

Hoja ya kwanza inahitaji kutazamwa zaidi ya alivyoitazama yeye. Ilikuwa na mantiki kuwachagua vijana, kwa kuwa wao ndio waliokuwa hatarini. Lakini chukua kijiji cha Muleba mchana wa onyesho. Uwanjani wapo vijana wanaoigiza kifo cha baba na mama. Pembeni, chini ya mti, amekaa bibi mwenye watoto wanne wa marehemu. Yeye ndiye fanani wa kundi lile la kale, anayejua kugeuza sauti, kunyamaza mahali panapostahili, kumfanya mtoto aitikie. Hakuna aliyemwita. Igizo lilimhusu, likamtumia kama mhusika mwenye mkongojo na sauti ya kutetemeka, na aliyeigiza nafasi hiyo alikuwa msichana aliyejifunga kanga kichwani. Mwandishi ameyaona maonyesho ya namna hiyo akiwa mtoto upande wa bibi, na anakumbuka kwamba bibi yake alicheka, kisha njiani akasahihisha. Mzee, alisema, haitetemeshi sauti anapoongea na mtoto, huishusha.

Jioni ile ile jiko liliendelea. Hapa ushahidi ni wa kumbukumbu na mwandishi anauweka mezani kama kumbukumbu. Ngano zilizosimuliwa nyumbani humo zilikuwa zile zile za mazimwi na watoto wanaoachwa, lakini sasa waliosikiliza walikuwa watoto walioachwa kwa kweli. Bibi hakubadilisha mwisho. Alichobadilisha ni muda, kwani alikaa sana kwenye wimbo ambao mtoto wa ngano huuimba akiwa peke yake, na alitutaka tuuimbe sote hadi mdogo kabisa aushike. Iwapo huo ulikuwa uponyaji au ustadi wa fanani anayeijua hadhira yake, mwandishi hana njia ya kuvitenganisha, na hadhani bibi mwenyewe alivitenganisha.

Kashai ya leo

Mtoto aliyekuwa na miaka sita mwaka 1990 alitimiza arobaini mwaka 2024. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Kashai anayejifungua leo katika umri huo ni wa kizazi kile kile kilicholelewa na bibi. Wapo waliochelewa kuzaa kwa sababu ya masomo na ajira, kama inavyosemwa kila mahali. Wapo pia waliochelewa kwa sababu walianza kulea wakiwa na miaka kumi na minne, wakiwalea wadogo zao. Anayewahesabu hao wote kuwa wanawake wa kisasa walioahirisha uzazi amekosea hesabu.

Hali yao inatofautiana na ya wenzao wa mikoa mingine kwa jambo moja zito. Mwanamke anayezaa akiwa na miaka arobaini kwa kawaida humtegemea mama yake. Hapa mama alikwisha kufa, na bibi aliyeshika nafasi yake naye amekwenda. Kwa hiyo mwanamke anayependa jukwaa na ana mtoto wa miezi minane Kashai hana wa kumwachia saa kumi na moja jioni, ambao ndio wakati makundi hufanya mazoezi kwa kuwa wanachama wake hutoka kazini au sokoni. Kumlipa dada wa kazi ni zaidi ya posho ya onyesho. Kwenda Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ni safari ya kuivuka nchi kutoka ziwa hadi bahari.

Mwandishi alijaribu njia mbili. Kundi la kwanza, ambalo si lazima litajwe, lilimshauri apumzike mpaka mtoto akue, akapumzika miezi mitano na hakuona kwamba yeyote alipumzika. La pili lilikubali mazoezi ya Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa mmoja wa wanachama, watoto wakiwepo. Ilionekana kwanza kuwa ni kuridhia udhaifu. Baada ya majuma machache waigizaji walianza kuwasimulia watoto ili wanyamaze, watoto wakaanza kuitikia, na mwelekezaji, kijana wa miaka ishirini na sita asiyekuwa na mtoto, akaacha kutazama daftari lake. Onyesho la mwanzo la kile kilichotokana na asubuhi hizo lilifanyika uani, mchana, bila jukwaa. Wimbo wa mtoto aliyeachwa uliwekwa katikati, kwa urefu ule ambao bibi wa Muleba aliupenda, na mwandishi aliuimba akiwa amembeba mtoto wake, kwa sababu alikataa kushuka.